Jopo la usaili lisichungulie kurasa za waombaji bila utaratibu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu mitandao ya kijamii na utafutaji wa kazi. Ushauri ambao vijana wanaotafuta ajira hupewa kila mara ni kufuta picha, kufunga akaunti na kunyamaza. Si ushauri mbaya, lakini unamtwisha mwombaji mzigo wote, huku wanaoajiri wakiachwa wafanye wapendavyo. Nimekuwa mjumbe wa majopo ya usaili kwa muda, na ninaamini kwamba tatizo kubwa liko kwetu sisi tunaouliza maswali.

Maombi yakishachujwa na kubaki majina machache, mjumbe mmoja, bila kutumwa na yeyote, hulitafuta jina la mwombaji kwenye simu yake. Kabla mwombaji hajaingia chumbani, mjumbe huyo amekwisha kujua dini yake, umri wake, maradhi yanayomsumbua, chama anachokishabikia na kama ana mtoto mchanga, yaani mambo yaleyale ambayo sheria za kazi za nchi nyingi haziruhusu yawe kigezo cha kumwajiri au kumkataa mtu. Hakuna mjumbe mwenye busara atakayemuuliza mwanamke mbele ya wenzake kama ni mjamzito. Picha moja ya sherehe ya familia humpa jibu la swali ambalo asingethubutu kuliuliza. Naye akishajua, hawezi kurudi kuwa mtu asiyejua. Kwenye kikao hatamtaja mtoto wala dini, bali atasema kwamba mwombaji "hataendana na wenzake", na maneno hayo ndiyo yatakayoingia kwenye kumbukumbu, yakiwa safi kabisa.

Wapo watakaosema kwamba ninawasingizia waajiri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, nchini Marekani, waliwahi kutuma maombi ya kazi ya watu wa kubuni kwa maelfu ya waajiri, wakihakikisha kwamba dini ya mwombaji haionekani kwenye wasifu wake bali kwenye ukurasa wake wa mtandaoni tu. Kwa nchi nzima hawakukuta pengo kubwa, lakini katika maeneo yenye wapiga kura wengi wa chama cha Republican, mwombaji aliyeonekana kuwa Mwislamu aliitwa kwenye usaili mara chache kuliko aliyeonekana kuwa Mkristo, ingawa sifa zao zilikuwa sawa. Ubaguzi wa namna hiyo mwombaji hawezi kuuona, sembuse kuukatia rufaa.

Kuna pia kasoro ambayo haizungumzwi sana, nayo ni ya majina kufanana. Niliwahi kushuhudia jopo likijadili kwa dakika nyingi matusi yaliyoandikwa na mtu aliyekuwa na majina mawili sawa na ya mwombaji, mpaka katibu alipotazama vizuri na kusema kwamba huyo anaishi nchi nyingine kabisa. Hapo aliokolewa na katibu makini. Na asiye na ukurasa wowote naye haponi, kwa kuwa wapo wajumbe wanaomshuku kwamba anaficha jambo, shutuma ambayo binafsi naiona ni ya ajabu.

Sisemi kwamba yote yanayoandikwa mtandaoni yafumbiwe macho. Mtu anayetangaza siri za mwajiri wake wa zamani, au anayewatishia watu hadharani, ametoa taarifa inayohusu kazi moja kwa moja. Kinachotakiwa ni utaratibu. Upekuzi ukilazimika, ufanyike baada ya usaili, ufanywe na ofisa asiye mjumbe wa jopo, na ofisa huyo awasilishe yale tu yanayogusa majukumu ya kazi inayoombwa. Kisha mwombaji aelezwe kilichoonekana na apewe nafasi ya kujibu. Mwelekeo huu si mgeni. Mwaka 2012, jimbo la Maryland nchini Marekani lilikuwa la kwanza nchini humo kupiga marufuku waajiri kuwadai waombaji nywila za akaunti zao, na mwaka 2017 jopo la mamlaka za ulinzi wa taarifa binafsi katika Umoja wa Ulaya lilieleza kwamba ukurasa kuwa wazi kwa umma hakumpi mwajiri ruhusa ya kuchukua humo chochote atakacho kwa ajili yake.

Kwa wanaotafuta kazi nina machache. Litafute jina lako mwenyewe ukiwa umetoka kwenye akaunti zako, ili uone anachokiona mgeni. Usitegemee sana kufuta, kwa maana kilichokwisha kupigwa picha ya skrini hakiko tena mikononi mwako. Kurasa za familia na marafiki zitenganishe na ukurasa wa kazi, kama ule wa LinkedIn, mtandao ulioanza mwaka 2003 kwa shughuli hiyo hasa, na huko weka kazi yenyewe: fundi aonyeshe alichokijenga, mfasiri aweke kurasa alizofasiri kwa ruhusa ya wenyewe, mhasibu aeleze mfumo aliowahi kuusimamia. Kurasa za namna hiyo nimeziona zikimpandisha mwombaji ambaye wasifu wake wa karatasi ulikuwa umeandikwa vibaya.

Ombi langu kwa waajiri ni kwamba kila tangazo la kazi liseme wazi kama kurasa za waombaji zitatazamwa, zitatazamwa na nani, na katika hatua ipi.

Wako,
Mjumbe wa majopo ya usaili