Barua ya wazi kwa makungwi na masomo wa mabinti wetu

Ndugu zangu makungwi, masomo na akina mama mnaosimama mbele ya mwali siku ya kichen pati, jioni ya kumfunda bibi harusi kabla ya ndoa,

Nawaandikia kama mwenzenu wa siku nyingi katika kazi hii, kwa sababu naamini kwamba mengi tunayoyasema jioni ile ndiyo yanayogeuka kuwa ndoa. Mwali huketi ameinamisha kichwa, akina mama wakamjia wakicheza, huyu na sufuria, yule na kinu na mchi, mwingine na mbuzi ya kukunia nazi, na kila chombo hukabidhiwa pamoja na agizo lake: mume asikute chungu kitupu, asiulizwe alikotoka, ya ndani yasitoke nje. Bwana harusi wakati huo yuko na rafiki zake, wala hakuna mzee aliyemwita kumfunda.

Wengi wetu tunadhani mgawanyo huu wa wajibu kati ya mke na mume umeumbwa hivyo. Lakini kwa Waluguru wa Morogoro ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake; kwa Wachaga wa Kilimanjaro kihamba, yaani shamba la ukoo, hurithiwa na watoto wa kiume. Ni watu walioamua hivyo, wakafundishana, na anayefundisha ana dhamana.

Tulio watu wazima tuliyaona ya miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa hautoshi chakula cha mwezi. Dar es Salaam akina mama waliamka alfajiri kukaanga maandazi na vitumbua, watoto wakala na kusoma kwa fedha hiyo, na bado baba peke yake ndiye aliyeitwa mlishaji, huku moyoni akibeba fedheha kwa kuwa tangu utotoni aliambiwa kwamba asiyelisha si mwanamume. Hata yeye tulimwonea.

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Imepita zaidi ya miaka 40, nasi bado twamfundisha mwali kwamba kupika na kulea ni deni analomlipa mume. Mwambieni ukweli huo, asije siku moja akatoka na kanga zake tu akidhani hana haki.

Sisemi tuache kumfunda usafi, upole na heshima. Ila kabla ya sherehe ijayo, zungumzeni na wajomba na baba wadogo wa upande wa pili, ili bwana harusi naye aketishwe siku yake, afundishwe kumwogesha mtoto, kumpikia uji mke aliyejifungua, kumweleza mkewe mshahara wake bila kuficha. Na mnapomwambia mwali avumilie, mtajieni waziwazi kwamba kipigo hakimo, na mwonyesheni nyumba atakayokimbilia usiku huo.

Ni mimi shangazi yenu.