Wazapoteki hawajatoweka

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa watoto wa juma lililopita uliwataja Wazapoteki wa Meksiko kuwa watu wa kale waliotoweka. Si kweli. Kilichohamwa ni Monte Albán, mji waliouanzisha juu ya kilima yapata mwaka 500 kabla ya Kristo. Wenyewe wangali wapo jimboni Oaxaca, na mamia ya maelfu bado wanasema lugha zao. Ni lugha nyingi, maana mtu wa milimani na mwenzake wa nchi tambarare ya Tehuantepec huenda wasisikilizane kabisa.

Mimi ni fundi wa kushona hapa Kadutu na natia vitambaa rangi, basi niseme la kazi yangu. Kijijini Teotitlán del Valle wafumaji wa Kizapoteki hukusanya vidudu vinavyokaa kwenye mpungate, ule mmea wa miiba, huvikausha, kisha huvisaga juu ya jiwe mpaka vitoe unga mwekundu kama damu. Ukiukamulia ndimu, rangi inawaka na kuelekea chungwa. Ukitia chokaa, inageuka zambarau. Wahispania waliipeleka Ulaya wakaiuza kwa bei kali.

Na Benito Juárez je? Mzapoteki, yatima wa kijiji cha Guelatao, alifika mji wa Oaxaca na miaka yake 12, Kihispania hakijui vizuri. Ndiye aliyekuwa rais wa Meksiko toka 1858 hadi alipofariki 1872.

Wanangu wameusoma ukurasa ule. Naomba toleo lijalo lisahihishe.

Mama mshonaji,
Kadutu, Bukavu