Barua ya wazi kwa shangazi yangu kuhusu mwanawe

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia hadharani bila kutaja jina lako, kwa sababu vijijini wapo wazazi wengi walio katika hali kama yako, na kila mmoja hudhani ni yeye peke yake anayefunga mlango ili majirani wasijue yanayomsibu mwanawe. Nimeambiwa kwamba hutaki apelekwe kituo cha afya. Wapo wanaosema hiyo ni kutojua. Mimi naamini unajua vizuri, ila unaogopa mtaonekana.

Hofu hiyo siibezi. Mjini mtu huingia kliniki na kutoka bila kukutana na anayemfahamu, lakini kijijini anayeandikisha wagonjwa huenda ni jirani, na anayesubiri foleni huenda ni mzazi wa binti ambaye mngependa kumposa. Wanaokuja na vipaza sauti kutuhimiza tusione aibu hulisahau jambo hili, labda kwa sababu jioni wao huondoka. Hata hivyo, Shangazi, siri unayoilinda imekwisha kutoka. Kijana aliyeliacha shamba lake katikati ya msimu na ambaye haonekani tena msibani wala harusini amekwisha kuzungumzwa, na kwa kuwa hakuna aliyewaeleza watu kinachomsumbua, wamejiamulia wenyewe: mvivu, amelogwa, anavuta bangi.

Mimi si daktari, kwa hiyo sitasema anaumwa nini. Najua tu kwamba wahudumu wa afya huanza kufikiria sonona, yaani ugonjwa wa akili wa huzuni nzito, pale huzuni, au kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu, kunapodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kukiandamana na dalili nyingine kama usingizi kuharibika, uchovu, kujilaumu na kuwaza kifo. Mara nyingi mgonjwa hulalamikia kichwa, mgongo au kifua, akatibiwa hivyo kwa muda mrefu bila nafuu.

Wala safari si lazima ianzie kwenye hospitali kubwa ya magonjwa ya akili, ambayo kutajwa kwake tu kunawatisha watu. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwawezesha wahudumu wa kawaida, wasio mabingwa wa akili, kutambua na kutibu maradhi haya. Huko Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianzisha huduma ambayo akina bibi waliofunzwa huwasikiliza watu kwenye benchi nje ya kituo cha afya, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa nao walikuwa na dalili pungufu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ni kweli huduma hiyo ilianzia mjini Harare, lakini bibi mwenye busara na subira ya kusikiliza si kitu ambacho vijiji vyetu vimekikosa.

Endelea kumwombea, sikuombi uache. Ninachopinga ni kumfungia ndani, kumchapa au kumnyima chakula kwa jina la tiba. Akiandikiwa dawa za sonona, fahamuni kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa, na kwamba hazikatishwi ghafla bila kumuuliza aliyeziandika. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakidai hazifanyi kazi.

Kuna jambo ambalo halipaswi kusubiri hata uamuzi wako kuhusu kituo cha afya. Kila mwaka watu zaidi ya 700,000 duniani hufa kwa kujiua, na katika jamii za wakulima sumu ya kuulia wadudu wa mimea ni miongoni mwa njia zinazotumika sana, kwa sababu iko nyumbani, karibu na mkono. Iondoe leo, uiweke kwa mtu unayemwamini. Kisha muulize mwanao waziwazi kama anawaza kujiua. Usiogope kwamba swali litampandikizia wazo hilo; tafiti hazionyeshi hivyo, na wengi hupata ahueni wanapoulizwa. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, na mpelekeni siku hiyohiyo, hata kama foleni nzima itawatazama.

Mtoto wa kaka yako.