Lusungu, tuongee mbao kwanza

Kamwene kaka!

Vipi hapo Mafinga, baridi inawaacha kweli? Huku Uyole ukungu mpaka saa nne asubuhi ila tunadunda. Meseji nimeipata na nimefurahi mno kusikia umeamua kutengeneza modeli ya reli ya TAZARA, kile kipande cha Mlimba–Makambako. TAZARA ina kilometa 1,860 lakini pale ndo penye utamu, mahandaki na madaraja yanafuatana tu mlima mzima.

Sasa kabla hujaagiza hata behewa moja tuongee mbao. Wewe uko mlangoni kwa shamba la miti la Sao Hill, paina unaipata kirahisi, ila usichukue iliyopasuliwa juzi, ina maji bado. Mbao ikikauka inasinyaa kwenye upana, urefu karibu haubadiliki, na kama ulishaikaza skrubu inajipinda na kuvuta kila kitu, reli juu inakuwa mawimbi na treni inaanguka palepale kila siku. Tafuta za inchi 1x3 zilizokaushwa kwenye tanuru. Ukikosa nunua mbichi uzipange ndani, weka vijiti katikati hewa ipite, na uzipe miezi, usizifanyie haraka. Unapochagua nyanyua ubao mpaka jichoni utazame ukingo wote hadi mwisho, uliopinda rudisha, wenye macho mengi, yale mafundo ya matawi, rudisha pia.

Juu plaiwudi ya mm 9 inatosha, matabaka yake yamepishana nyuzi ndo maana haichezi ovyo. Shiti ya futi 8x4 inakupa vipande vinne vya futi 4 kwa 2, kila kimoja fremu yake, unaviunga kwa bolti, ukihama vinapita mlangoni. Toboa na drili kwanza paina isipasuke, paka gundi, kaza, halafu pima pembe hadi pembe kwa mshazari pande zote mbili, vipimo vikilingana fremu iko sawa.

Ila kwenye daraja la Mpanga usifunike yote! Nguzo zake zina urefu wa kama mita 50, kwa skeli ya 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, ni karibu sentimita 57, bonde la hivyo haliwezi kukaa juu ya meza tambarare. Acha fremu wazi, kata plaiwudi utepe tu wa kupitisha reli, uinue kwa vibao vya kusimama kutoka kwenye mbao za chini, bonde lishuke lenyewe. Na mpando usizidi sentimita 2 kwa kila mita, injini ndogo zinateleza.

Reli agiza zenye nafasi ya mm 12 kati ya chuma na chuma, sio zile za 16.5 zinazouzwa sana, TAZARA ni mm 1,067, gawa kwa 87 uone mwenyewe.

Mwisho wa mwezi nakuja na jigso na klempu, wewe andaa mbao tu, na niulizie bei ya plaiwudi hapo maana huku imepanda. Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Ambakisye