Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Unasihi na Uelewa wa Dawa za Kulevya, Temeke

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu,
Mganga Mkuu wa Manispaa,
Wakufunzi wetu,
Wazazi, wenza wetu na wageni waalikwa,
Itifaki imezingatiwa.

Assalaamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika kwa wakati, maana wapishi wa pilau walishaanza kuchungulia barabarani. Mbele yako tumesimama wahitimu 26 wa mafunzo ya wiki 6 ya stadi za unasihi na uelewa wa matumizi ya dawa za kulevya na pombe. Tumo wauguzi 7, walimu wa malezi na unasihi 6, maafisa ustawi wa jamii 5, askari wa dawati la jinsia na watoto 3, imamu, mchungaji, na waelimishaji rika 3 ambao wenyewe walibwia unga, yaani heroini, miaka na miaka na leo wako klini, hawatumii tena.

Mimi ni muuguzi. Wenzangu wamenichagua kusoma risala hii kwa sababu, nadhani, ndiye niliyesahihishwa mara nyingi kuliko wote darasani. Kosa langu lilikuwa moja tu: kuongea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Asubuhi ya kwanza mkufunzi alituuliza kazi ya mnasihi ni nini. Mikono ikanyooka. Kuelekeza, kuonya, kufariji, kumrudisha mtu kwenye mstari. Aliyaandika yote ubaoni, kisha akachukua dasta akafuta moja baada ya jingine hadi ubao ukabaki mtupu. Nikajiuliza, sasa tumeitwa kujifunza nini? Leo naona kwamba lugha yenyewe ilituponza. Tunasema "ushauri nasaha", maneno mawili, na yote mawili yanakutuma umwambie mwenzako la kufanya. Na sisi tulivyolelewa, mtu mzima akiletewa shida asipotoa neno anaonekana hana busara. Sembuse muuguzi mwenye sare na kalamu mfukoni.

Basi tukagawanywa watatu watatu. Mmoja anasema, mmoja anasikiliza, wa tatu anatazama na saa mkononi. Dakika 10. Hakuna kushauri, hakuna "kwa nini", na katika dakika 5 za mwanzo hakuna "pole". Hilo la pole tulilipinga, tena kwa kelele. Mswahili gani asikie msiba wa mwenzake anyamaze? Mkufunzi akasema jaribuni, mtaona. Na tuliona. Ukimwambia mtu pole mapema anaitikia "asante, nimeshapoa", na mazungumzo yameisha. Ameonyesha adabu, na lile alilokuja nalo anaondoka nalo.

Siku ya tatu nilishika saa mimi. Msikilizaji alikuwa sajini wa dawati, mwanamke aliyezoea kuhoji, na msemaji alikuwa mwalimu aliyeigiza mama wa kijana aliyefukuzwa shule kwa bangi. Mwalimu alisema kidogo akanyamaza. Sajini akafungua mdomo, akaufunga. Akabonyeza kalamu, akaifungua, akaibonyeza tena. Kijasho kikamtoka juu ya mdomo. Saa yangu ilisoma dakika 2 za kimya, na dakika 2 za kimya kati ya watu wawili wanaotazamana ni ndefu, Mheshimiwa, unaweza kujaribu ukifika nyumbani. Mwalimu akaangalia chini, akasema polepole, "Huyu si mwanangu wa kuigiza. Ni mdogo wangu. Na si bangi, ni unga." Sajini hakusema kitu. Alisogeza kiti chake kidogo, kutoka mbele ya mwalimu kikawa ubavuni. Mwalimu ameniruhusu nilisome hili, na yupo hapa.

Kumbe haya si mambo ya kubahatisha, yana wenyewe. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kwamba mtu hubadilika anapokutana na msikilizaji anayemwelewa kwa ndani, anayemkubali bila masharti, na asiyevaa uso wa bandia. Mwenzake William Miller alikuwa Norway mwaka 1982, akiwaonyesha wanasaikolojia wa huko namna anavyozungumza na watu wenye tatizo la pombe, nao wakawa wanamsimamisha kila hatua wamuulize kwa nini amesema hili na kwa nini hakusema lile. Kwa kuulizwaulizwa akajikuta ametengeneza njia nzima ya kazi, akaichapisha mwaka uliofuata. Kiini chake mama wa Tandika atakielewa bila darasa: ukimbishia mlevi, anaitetea chupa. Ukimwacha azungumze, kuna mahali atajisikia mwenyewe akisema "lakini inanimaliza". Hapo ndipo pa kushika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Nimesema nilisahihishwa sana. Naomba nieleze kosa lililotangulia mafunzo haya, kwa sababu ndilo lililonileta.

Mwaka juzi alikuja kwangu fundi seremala wa Keko, baba wa makamo, mikono yake yote ina makovu ya randa. Alikuwa amekunywa gongo kila siku kwa miaka mingi. (Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 na vikaondoka kweli madukani, gongo, ambayo ilikuwa haramu tangu zamani, haikusikia tangazo lolote.) Nilimsomea somo la ini, la watoto, la fedha. Nikamaliza kwa kumwambia, "Baba, pombe uiache leo hii." Akanitii. Laiti angenipuuza.

Usiku wa pili mke wake alimleta kwa bajaji, anatetemeka mwili mzima, anawaona paka ukutani, na kabla hatujamlaza akapata degedege. Sikujua. Miaka 11 kazini na sikujua kwamba mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kuua, wakati arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili ulionyimwa dawa iliyouzoea, pamoja na kutisha kwake kote, kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kumuua. Tulimpa diazepamu na vitamini B1, akapona, si kwa sababu yangu. Sasa nina maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani, yale ya kupima unywaji, yenye jumla ya alama 40. Alama 8 inakuambia simama, zungumza na huyu mtu, na zikipanda sana usimwambie aache leo; mpeleke aachishwe chini ya uangalizi. Maswali hayo yanachukua dakika chache tu. Ningekuwa nayo siku ile, nisingemkabidhi mke wa watu ule usiku.

Kwa upande wa unga, walimu wetu halisi walikuwa wale waelimishaji rika 3, na wakufunzi wenyewe walikubali hilo, ni la kuwapongeza. Mmoja wao alisimama akatueleza arosto inavyoingia: saa chache tangu kete ya mwisho, miayo isiyoisha, kamasi, kisha mifupa kama inakatwa kwa msumeno, na siku ya pili na ya tatu ndio kilele. Imamu alimuuliza, "Sasa ukishavuka wiki hiyo si umepona?" Kijana akacheka. Akasema rafiki zake aliowazika hawakufa kwenye arosto. Walikufa wametoka jela au wametoka soba hausi, nyumba za kuachia dawa, miili safi, wakarudi maskani wakapiga kipimo kile kile walichokiacha. Mwili ulishasahau, kichwa hakijasahau. Tangu siku hiyo mtu akituambia anatoka gerezani au soba hausi wiki hii, hatumpongezi tu. Tunamwambia hilo waziwazi, na tunamwambia asiwe peke yake. Dawa ya naloksoni, inayomrudisha aliyezidisha kipimo, tumeiona kwenye picha ya mkufunzi. Tungependa kuiona kwenye kabati.

Wilaya yetu haikuanza jana. Methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mtumiaji badala ya heroini, ilianza kutolewa Muhimbili mwezi Februari 2011, Mwananyamala ikafuata mwaka 2012, na Temeke yetu mwaka 2014. Wapo watu katika ukumbi huu wanaokunywa dozi yao kila alfajiri, Idd na Krismasi zikiwemo, halafu wanaenda kazini. Lakini kikombe cha methadoni kinatuliza mwili. Aliyemuibia mama yake cherehani bado hajui atampitaje mlangoni, na hilo haliwekwi kwenye kikombe. Hapo ndipo sisi 26 tunapotakiwa.

Na hapo ndipo penye manung'uniko yetu, Mheshimiwa, nasi tunayasema kwa heshima.

Hatuna mlango. Kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, meza ya unasihi ipo nyuma ya pazia la maua, na upande wa pili wa pazia ni benchi la kliniki ya watoto. Mwezi wa pili alikuja mama na kijana wake amejifunika kanga ya mama, anatetemeka, jua la saa sita. Mhudumu akapaza sauti, "Yule teja aingie!" Benchi zima likageuka. Kijana alisimama, akamkunjia mama kanga yake vizuri, akamrudishia mkononi, akatoka. Hakurudi. Mama alirudi peke yake mara mbili, akakaa nyuma ya lile pazia akinong'ona. Yote tuliyofundishwa juu ya siri za mteja, juu ya kimya, juu ya kumwita mtu kwa jina lake na si kwa ugonjwa wake, yanaishia kwenye kitambaa. Walimu wenzetu wanafanyia unasihi kwenye stoo ya vitabu. Askari wanafanyia kaunta.

La pili ni sisi wenyewe. Wiki 6 zinatosha kumzuia mtu asiharibu. Hazitoshi kumfanya bingwa, na atakayejiita bingwa kwa cheti cha leo tunaomba mumwogope. Tunahitaji mtu mwenye uzoefu wa kutukutanisha mara moja kwa mwezi, tumweleze kesi zinazotulemea na atuambie tulipokosea. Ukisikiliza watu wanane kwa siku, wa tisa unamsikiliza kwa masikio ya wale wanane. Mwenzetu mmoja katika wiki ya nne alianza kuota ndoto za mteja wake. Hatukumcheka, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tukiota zetu kimya kimya.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuandika orodha ndefu. Nauli za wanaokunywa dozi kutoka Mbagala tunajua zimeshafika mezani kwako kwa njia nyingine, tunakukumbusha tu. Tunaomba siku moja kwa mwezi ya kukutana na msimamizi wa kitaalamu, ihesabiwe kuwa siku ya kazi. Tunaomba mafunzo haya yawafikie wahudumu wa mapokezi na walinzi wa getini, maana mgonjwa anakutana nao kabla hajakutana na sisi. Na tunaomba milango.

Tumeshapima. Vyumba vipo 4, ni vya kusafisha maboksi tu. Vinataka milango 4, makomeo 4 na viti 8 visivyo na meza katikati. Yule fundi wa Keko ameniruhusu niseme kwamba milango ataitengeneza yeye, bila kudai pesa ya ufundi, kwa bei ya mbao na bawaba tu. Tangu Machi hajanywa, isipokuwa siku ya harusi ya mpwa wake, na hiyo alinisimulia mwenyewe kabla sijamuuliza. Karatasi ya vipimo ninayo hapa, ameiandika kwa penseli ya useremala, na kwa ruhusa yako nitakukabidhi pamoja na risala hii.

Tunawashukuru wakufunzi wetu kwa uvumilivu, familia zetu zilizokula chakula cha jioni saa nne usiku kwa wiki 6, na wewe kwa kutusikiliza muda wote huu bila kutazama saa.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Wahitimu