Barua kwa somo yangu wa Tanga

Dar es Salaam

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama na kikundi kizima. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona unataka nikuambie nani kati ya wale wawili wa kikundi chako cha taarabu, mzee anayetunga na binti anayeimba, ana haki. Sitakuambia. Siku utakapotoa hukumu, mmoja atabaki nawe na mwingine ataondoka na wapiga ala wako.

Unasema chanzo ni ubeti wa tatu: binti aliubadilisha mbele ya watu, na tangu siku hiyo mzee hakanyagi mazoezini. Naamini ubeti ulimuuma. Mtu aliyekesha akipanga mizani nane kwa nane hapendi kusikia kina chake kimehamishwa. Lakini tazama na tuza. Watu wakiinuka kutunza, noti zote zinakwenda kwa mwimbaji, na aliyetunga maneno yaliyowainua vitini hapati hata shukrani. Katika vikundi vya taarabu na vya maigizo nilivyofanya navyo kazi, mara nyingi watu waligombana kwa jina la sanaa huku kinachowaumiza ni heshima au fedha. Usipokijua hicho, mtasuluhisha ubeti, kisha mwezi ujao wagombane kwa sababu ya maikrofoni.

Kwa hiyo kabla ya kuwakutanisha, nenda kwa kila mmoja peke yake. Anza na mzee, umfuate kwake, usimpigie simu. Usimuulize tatizo ni nini, maana atakusomea mashtaka yote tangu alipojiunga. Muulize angependa onyesho lijalo liende vipi. Kisha binti naye umuulize hivyo hivyo.

Mimi na wewe tumekua na mipasho. Unakumbuka miaka ya 1990, Khadija Kopa akiwa kundi la TOT na Nasma Khamis akiwa kundi la Muungano, jinsi watu walivyojaa kusikiliza nani atamjibu nani? Ulikuwa ushindani mkali, lakini ulikuwa na utaratibu. Wimbo wa mmoja unaisha ndipo wa mwingine unaanza, na jibu linakuja kwa wimbo, hadharani. Rudi nyuma zaidi, mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zikiwa na uhasama wa kweli. Muyaka bin Haji alirusha tungo zake kutoka Mombasa, na Bwana Zahidi Mngumi akamjibu kutoka Lamu. Anayejibu shairi hawezi kujibu asichokisikia. Hushika neno la mwenzake, akalirudisha, mara nyingi kwa bahari ile ile, yaani umbo lile lile la shairi, ndipo akaweka lake. Sasa angalia ugomvi wa ndani ya vikundi vyetu. Hauna zamu wala hauna hadhara. Maneno yanapita kwa mtu wa tatu, kwenye WhatsApp, kwa jina la kanga iliyovaliwa makusudi siku ya mazoezi.

Ninachowafundisha watu ni kuurudishia ugomvi utaratibu ule wa kujibizana. Wakae wawili. Mmoja aseme mpaka amalize, asikatizwe. Mwingine, kabla ya kujibu, aeleze alichosikia, mpaka mwenzake akubali, "Ndiyo, hayo ndiyo niliyosema." Hapo ndipo apate zamu yake. Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alipendekeza karibu jambo hilo hilo miaka ya 1950, na mpaka leo sijaona zuri zaidi. Linachosha, nakuambia mapema. Mmoja atasema, "Nilidharaulika," na mwenzake atarudia, "Anasema alikasirika." Watashindana kwa neno hilo moja hata robo saa. Usiwaokoe. Sisi watu wa Pwani tuna haraka ya kusema "yaishe", na yaishe ya mapema huuhifadhi ugomvi mpaka siku ya harusi ya watu, wageni wamekaa.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Mzee asifanyishwe hivi mbele ya vijana. Kama ni vigumu kwake kurudia maneno ya binti wa umri wa mjukuu wake, amwambie msuluhishi, binti akiwa amekaa pale pale anasikia. La pili litakuuma kidogo: msuluhishi huyo asiwe wewe. Wewe ndiye unayegawa tuza, somo, kwa hiyo umo ndani ya ugomvi hata kama hukutia neno. Mtafute mtu wanayemheshimu wote wawili na asiyechukua hata shilingi ya kikundi.

Kuhusu sheria uliyouliza: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa kwa kazi yake na haki ya kupinga ikiharibiwa. Ni vizuri binti ajue hilo. Ila usiingie nalo siku ya kwanza, maana mtu aliyetishwa na sheria hasemi tena linalomuuma. Wakishaelewana, ndipo mwandike: nani anaweza kubadilisha maneno, mwisho lini kabla ya onyesho, na tuza igawanywe vipi kati ya mwimbaji, mtunzi na wapiga ala. Kila mtu atie saini, na wewe pia.

Na wakishindwa kabisa kukaa pamoja, usilie kana kwamba kuna msiba. Hapo hapo Tanga, Lucky Star ilitoka ndani ya Black Star, na mji ukapata vikundi viwili vya taarabu vilivyosikika mbali. Wengine hutunga vizuri zaidi wakitengana. Ninachokuombea ni kwamba wakitengana, iwe wamesikilizana kwanza.

Nenda kwa mzee wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Niandikie alivyokujibu ulipomuuliza kuhusu onyesho lijalo, kwa maneno yake mwenyewe, nami nitakuambia nadhani binti aulizwe nini zaidi.

Wako akupendaye,
Somo yako