Barua ya malalamiko: loti tatu katika katoni moja, na pamba ambayo si pamba

Kwa Meneja wa Mauzo
(Jina la kampuni nimelihifadhi katika nakala hii ya wazi.)

Kutoka kwa mwenye duka la nyuzi,
Mji wa Kale, Mombasa

KUH: UZI WA RANGI YA MALAI MLIOTULETEA KABLA YA RAMADHANI

Bwana Meneja,

Nimepokea jibu lenu. Mnasema mko tayari kunibadilishia mipira ya uzi iliyosalia bila kutumika, na kwamba kwa upande wenu shauri limekwisha. Kwangu halijakwisha. Mipira iliyosalia ndiyo sehemu ndogo kabisa ya hasara hii. Uzi uliotuumiza ni ule uliokwisha kufumwa, na huo haurudi kuwa mpira.

Niliagiza kwenu katoni nne za uzi wa pamba tupu, rangi ya malai, mipira ya gramu 50, zote loti moja. Neno la loti moja nililiandika katika oda kwa mkono wangu, na kijana wenu wa mauzo akalithibitisha kwa mdomo mbele ya wateja wangu. Oda ilitoka mwezi wa Rajabu ili kazi ianze mapema. Nyinyi mnajua loti ni nini, lakini barua hii itasomwa na wafumaji na wenye maduka wengine, kwa hivyo nitaeleza. Kiwanda kikitia uzi rangi, kila pipa la rangi hupewa namba yake. Hata wakitumia dawa ile ile na kipimo kile kile, maji, joto na muda havitoki sawasawa mara mbili. Ndiyo sababu namba huandikwa kwenye karatasi ya mpira, na mfumaji hununua mipira yote ya kazi moja yenye namba moja. Mama anayetuletea mikeka kutoka Kwale huichemsha miyaa ya mkeka mmoja kwa pamoja, katika sufuria moja, siku moja. Hakusomea kiwandani, lakini anajua akitia nusu leo na nusu kesho mkeka utatoka na viraka.

Katoni zenu zilifika na namba moja kwenye kila mpira. Tuliitegemea namba hiyo. Kazi ilipoanza kuonyesha kasoro, nililowesha karatasi chache katika maji ya moto, na kibandiko cha juu kikatoka. Chini yake kulikuwa na namba nyingine. Katika katoni moja peke yake nimepata loti tatu tofauti. Nimeziweka karatasi hizo pamoja na vibandiko vyake, na mashahidi waliokuwepo wapo.

Bwana Meneja, namba kuchanganyika kwa bahati mbaya ni jambo ninaloweza kulisamehe. Mtu kukaa akibandika namba juu ya namba ni jambo jingine. Naomba mniambie ni nani aliyefanya hivyo, na kwa amri ya nani.

Mnauliza katika barua yenu kwa nini tofauti haikuonekana mapema. Haikuonekana kwa sababu duka langu liko katika kichochoro, na mchana tunawasha taa. Rangi mbili zaweza kufanana kabisa chini ya taa na zikatengana juani, na hilo mtu wa biashara ya nyuzi hafai kuelezwa na mnunuzi. Chini ya taa yangu malai yote ilikuwa malai. Kwenye jua la asubuhi, moja ilielekea manjano, moja ikawa na wekundu kidogo, na ya tatu ilikaribia nyeupe. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza, tofauti ikazidi.

Sasa niseme ni kazi za akina nani zilizoharibika, kwa maana katika jibu lenu wote mmewaita "wateja wa mwisho".

Baada ya Alasiri, baraza la mbele ya duka langu hujaa. Wapo akina mama wa hapa hapa Kibokoni wanaofuma kofia na vitambaa vya meza kwa sindano ya krosheti. Yupo mama wa Kibohora anayefuma topi, yaani kofia za Kibohora, nyeupe zenye ukingo wa rangi ya dhahabu, kazi nyembamba inayotaka macho na subira. Yupo mama Mkamba wa Changamwe anayesuka vyondo vya katani na kupitisha uzi wa rangi kufanya mistari. Wasichana wawili huvuka feri kutoka Likoni kuja kujifunza kusoma mchoro. Wapo pia wanaoshona kofia za viua, zile za kutoboa na kuzungushia uzi tundu kwa tundu, na kofia moja nzuri ya namna hiyo yaweza kuchukua miezi. Bibi mmoja, tunayemwita Mwalimu, amewafunza karibu nusu ya watu waliopo hapo. Hataki malipo. Anachotaka ni mtu asiache kazi katikati.

Watu hawa hawanunui uzi kwa wingi. Mmoja huja na pesa za mipira miwili, akimaliza huja kwa mingine, na ndipo loti inapokuwa na maana kubwa zaidi kuliko kwa tajiri anayechukua katoni nzima. Wanaponunua kidogo kidogo, mimi ndiye ninayewawekea akiba ya namba yao. Nina daftari: jina, rangi, loti, mipira iliyobaki. Daftari hilo ndilo linalowafanya waje kwangu na wasiende dukani kwa mwingine anayeuza kwa bei ya chini zaidi. Vibandiko vyenu vimeligeuza daftari langu kuwa uongo.

Mwaka huu madrasa moja ilitupa kazi ya kofia za krosheti za wavulana wa Iddi, zote rangi moja. Chama cha akina mama wa barazani kilitoa pesa zake kununua uzi, na wakagawana kazi: huyu afume sehemu ya juu, yule afume ukingo. Walifuma Shaaban nzima, na Ramadhani wakafuma usiku baada ya tarawehe. Asubuhi ya Mfunguo Mosi watoto walipotoka juani, kofia zilikuwa na rangi mbili, nyingine tatu. Juu manjano, ukingo mweupe. Wazazi walidhani tumewafumia kwa mabaki ya uzi. Mwalimu aliulizwa mbele za watu kama ameanza kutoona vizuri. Bibi huyo hajakaa barazani tangu siku hiyo, na hili peke yake lingetosha kunifanya niandike barua hii.

Nilidhani ubaya ni wa rangi tu. Kisha kofia zikaanza kurudi na tatizo la pili.

Kofia ya pamba hufuliwa, hutiwa wanga, ikapigwa pasi ya moto ili isimame. Kila mtu wa pwani anajua hivyo. Kofia hizi zilipokutana na pasi ziling'aa, zikalala bapa na kuwa ngumu kama plastiki. Mama mmoja wa Majengo aliyefuma vishikio vya sufuria kwa uzi huo huo alishika sufuria iliyotoka kwenye jiko la makaa, na uzi ukaanza kuyeyuka kwenye vidole vyake. Alikiachia kishikio kwa haraka. Angekuwa amebeba maji yanayochemka, leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Basi tulifanya jaribio ambalo fundi yeyote wa nguo analijua. Tulichukua vipande vya uzi wenu na kipande cha pamba ambayo nina hakika nayo, tukavichoma kwa kiberiti hapo nje, mbele ya watu. Pamba ikichomwa huwaka upesi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu laini la kijivu linalopeperuka ukilipuliza. Uzi wenu ulijikunja kabla ya kushika moto, ukatoa moshi mweusi, na ukaacha tone gumu jeusi lisilosagika kwa vidole. Hiyo ni akriliki, uzi wa kiwandani wenye asili ya plastiki, au mchanganyiko wenye akriliki nyingi. Kwenye karatasi mmeandika pamba 100%.

Sina ugomvi na akriliki. Naiuza pia, na kwa vyondo na maua ya mapambo inafaa sana, kwa sababu rangi zake ni kali na bei yake nafuu. Lakini naiuza kwa jina lake. Mombasa ni mji wa joto na unyevu. Mtoto mchanga akivishwa kofia na fulana ya akriliki, jasho halina pa kwenda, na harara humtoka shingoni. Mama anayelipa bei ya pamba analipia hewa hiyo inayopita. Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba pamba inalimwa hapa hapa pwani, Lamu, Tana River, Kilifi na Kwale, na mkulima wake anahangaika na soko huku jina la zao lake likibandikwa kwenye kitu kingine.

Juu ya hayo kuna uzito. Mipira ya gramu 50 niliyoipima ilikuwa na gramu 43 na 44. Mwakilishi wenu aliniambia kwa simu kwamba uzi hukauka njiani na kupungua. Jibu hilo haliwezi kusimama Mombasa. Pamba hunywa unyevu wa hewa, na kipimo cha kawaida cha biashara duniani huihesabia unyevu wa asilimia 8.5 juu ya uzito wake mkavu. Katika hewa ya bahari kama yetu ingezidi uzito, wala isingepungua. Akriliki nayo hainywi ila kidogo sana, asilimia moja au mbili hivi, kwa hivyo haina cha kukauka. Kwa vyovyote vile, gramu sita hazikupotelea njiani.

Mmeandika pia kwamba "tofauti ndogo za rangi ni kawaida ya kazi ya mkono". Tafadhali msitumie mikono ya akina mama hawa kuficha kosa lililofanyika katika bohari lenu. Mishono yao ni sawa. Nimeihesabu kofia kwa kofia.

Ninachotaka ni hiki. Nirudishiwe bei ya katoni zote nne, si ya mipira iliyosalia tu, kwa sababu hakuna mpira hata mmoja kati yake uliokuwa kile mlichoniuzia. Kila mfumaji alipwe ujira wa kazi iliyoharibika, kwa bei ambayo madrasa na wateja wengine walikuwa wamekubali kulipa. Hesabu hiyo nimeiambatanisha, mtu kwa mtu. Na maduka mengine mliyoyauzia mzigo huu yaarifiwe leo, hasa juu ya vishikio vya sufuria na nguo za watoto, kabla mtu hajaungua. Hili la tatu halihitaji kungoja mkubaliane nami juu ya pesa.

Ningependa pia, kwa mizigo ijayo kama itakuwepo, namba ya loti ichapwe kwenye karatasi yenyewe na isiwe kibandiko.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Akina mama walionunua kwangu wanalindwa na Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya taarifa anazozihitaji na haki ya fidia akipata hasara, na pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Dai letu liko mbali chini ya shilingi milioni 1, ambacho ndicho kikomo cha Mahakama ya Madai Madogo. Huko mtu anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili, na sisi tuko tayari kujieleza. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, dai litapelekwa mahakamani, na sampuli za uzi zitapelekwa Shirika la Viwango la Kenya.

Nimefanya biashara nanyi kwa miaka mingi na uzi wenu wa zamani ulikuwa mzuri. Bado kuna vitambaa vya makochi hapa mtaani vilivyofumwa kwa uzi huo, vinafuliwa na kurudi kwenye viti vikiwa na rangi yake. Sikuandika barua hii kwa kutaka kuvunja uhusiano. Lakini duka dogo halina kitu kingine cha kuuza isipokuwa neno la mwenye duka, na mimi niliwaambia watu hawa kwamba ni pamba na ni loti moja kwa sababu nyinyi mliniambia hivyo.

Ninawaomba pia mtume mtu mwenye madaraka, si kijana wa mauzo peke yake, aje Mombasa azione kofia hizo mchana, nje, juani. Aje baada ya Alasiri ili awakute wenyewe. Na akifika, aende nyumbani kwa Mwalimu amwambie kwa kinywa chake, mbele ya jirani zake, kwamba macho yake hayana kasoro na kosa lilikuwa la kampuni. Hilo halimo katika hesabu niliyoambatanisha, kwa kuwa silipimi kwa shilingi, lakini bila hilo sitatia sahihi makubaliano yoyote.

Mipira iliyosalia, karatasi na vibandiko vyake, kofia zilizorudishwa na vishikio vilivyoyeyuka vyote viko dukani, vimefungwa na kuandikwa majina. Hakuna kitakachotoka mpaka mje mvikague.

Wenu,
Mwenye duka la nyuzi, kwa niaba yangu na ya wafumaji wa barazani
Mji wa Kale, Mombasa

Viambatisho: nakala ya oda na risiti, karatasi za mipira pamoja na vibandiko, orodha ya kazi zilizoharibika na ujira wake, picha za kofia zilizopigwa juani.